Kesi ya Kapteni Dreyfus: bahasha ambayo wakili hakuiona

Upanga wenyewe ulikuwa umeshatayarishwa uvunjike. Hicho ndo kitu kilichonifanya nisimamishe filamu saa tano usiku nianze kusoma kesi yenyewe. Filamu yenyewe ni ya kifaransa ya mwaka 2019, J'accuse (muongozaji ana mambo yake na sheria, siyo mada ya leo) inaanza asubuhi ya baridi, tarehe 5 Januari 1895, uwanja wa chuo cha kijeshi cha École Militaire pale Paris, askari wamepangwa mraba uwanja mzima, kapteni wa mizinga anaitwa Alfred Dreyfus anasimamishwa katikati na afande mmoja mrefu anaanza kumng'oa vyeo, vifungo vya koti, mistari ya suruali, mwisho anachukua upanga wake anauvunja juu ya goti. Ukienda kwenye historia unakuta nyuzi za vifungo zilikuwa zimeshalegezwa na upanga ulikuwa umeshaandaliwa, ili usije ukagoma mbele ya watu ikawa aibu. Sasa ukishalijua hilo halafu ukaisoma kesi, unaona hukumu nayo ilitengenezwa hivyo hivyo.

Watu wengi wakielezea kesi hii wanakwambia jamaa alifungwa kwa sababu ni Myahudi. Ni kweli, na sitaki mtu aje aseme nimelipunguza hilo, chuki ndo iliyofanya jina lake lichaguliwe haraka kuliko jina la mtu mwingine yeyote. Lakini chuki peke yake haielezi kwa nini kosa la mwandiko ambalo lingerekebishwa ndani ya wiki mbili lilichukua miaka 12. Mimi nadhani jibu liko kwenye bahasha moja, nitafika.

Tuanze na karatasi. Mwaka 1894 ubalozi wa Ujerumani Paris ulikuwa na mama wa usafi, Marie Bastian, ambaye pale kila mtu alimchukulia ni mama wa watu tu hajui lolote. Huyu mama badala ya kuchoma karatasi za kwenye kapu la taka la mwambata wa kijeshi, Maximilien von Schwartzkoppen, alikuwa anazikusanya anazipeleka kwa ofisi ya ujasusi ya jeshi la Ufaransa, ofisi ambayo kwa nje ilijiita Kitengo cha Takwimu, na makabidhiano yanafanyika kanisani. Anayezipokea na kukaa na gundi kuunganisha vipande ni meja mmoja anaitwa Henry, mtoto wa wakulima, kapanda vyeo kutoka uaskari wa kawaida kabisa, mkumbuke huyu. Mwishoni mwa Septemba ikaja karatasi nyembamba imechanwachanwa, haina tarehe wala sahihi, mtu anamwambia Mjerumani nakutumia vitu vifuatavyo: habari za breki ya mzinga wa 120, habari za vikosi vya mpakani, mabadiliko ya mpangilio wa mizinga, habari za Madagascar (Wafaransa walikuwa wanajiandaa kwenda kuivamia mwaka unaofuata), na kitabu cha mazoezi ya kulenga shabaha kwa mizinga. Anamalizia anasema naondoka kwenda kwenye manuva, yaani mazoezi ya kivita.

Makao makuu wakachanganyikiwa. Kuna msaliti ndani ya nyumba! Sasa angalia walivyompata, maana hapa hakuna upelelezi, kuna kukisia. Kanali mmoja akasema anayejua mambo ya idara zote hizi lazima awe ofisa aliyeko kwenye mafunzo, kwa sababu wale wanazungushwa idara hadi idara, na kwa kuwa mizinga imetajwa sana basi awe mtu wa mizinga. Wakachukua orodha, wakashuka nayo na kidole, wakafika kwa Dreyfus: miaka 35, mtu wa Alsace, jimbo ambalo Wajerumani walilichukua baada ya vita ya 1870, familia ya viwanda vya nguo, Myahudi, na bosi wake mmoja alishamwandikia ripoti mbaya. Wakachomoa karatasi aliyowahi kuandika, wakaiweka pembeni ya ile ya kwenye kapu, wakaona zinafanana. Siku hiyo hiyo ikawa imekwisha.

Yule mwandishi kasema anaenda manuva, Dreyfus mwaka ule hakwenda manuva. Mwandishi anaonekana ana shida ya hela, Dreyfus mke wake ametoka familia ya matajiri na yeye mwenyewe anapokea gawio la viwandani kwao, hana deni hata la mkate. Baadaye wataalamu wa mizinga walieleza kwamba hata jina la ile breki limeandikwa vile ambavyo mtu wa mizinga asingeliandika. Haya yote yangeweza kuulizwa mezani kwa nusu saa.

Tarehe 15 Oktoba akaitwa ofisini, aje amevaa kiraia. Akapokelewa na Meja du Paty de Clam, mtu wa maigizo sana yule, kajifunga kitambaa kidoleni anasema kidole kinamuuma, eti amsaidie kuandika barua. Akaanza kumsomea maneno yaliyotoka kwenye ile ile karatasi ya kapu la taka. Katikati akamkatiza, unatetemeka! Dreyfus akajibu vidole vina baridi. Akaambiwa uko chini ya ulinzi kwa kosa la uhaini, na hapo mezani palikuwa na bastola, yaani alitegemewa ajimalize mwenyewe kesi iishe kiungwana. Akakataa, akasema anataka kuishi ili athibitishe hana hatia. Mkuu wa gereza la kijeshi alikopelekwa, Forzinetti, alimwangalia siku chache tu akawaambia wakubwa wake huyu mtu hana kosa. Askari jela kaona, makao makuu hawajaona.

Mtaalamu wa kwanza wa miandiko, mtu wa Benki ya Ufaransa, akasema inaweza kuwa ya mtu mwingine. Wakamweka pembeni wakaenda kwa Alphonse Bertillon wa polisi, bingwa wa kupima vichwa na masikio ya wahalifu, ambaye miandiko haikuwa fani yake. Bertillon akaona tofauti kati ya miandiko miwili akaja na maelezo ambayo mpaka leo nikisoma nacheka mwenyewe: kwamba Dreyfus alighushi mwandiko wake mwenyewe. Pale panapofanana ni kwa sababu ni yeye, pale pasipofanana ni kwa sababu kajificha. Ukishaingia kwenye mtego wa namna hiyo unatokaje?

Tarehe 1 Novemba gazeti la Édouard Drumont, ambalo kazi yake kila siku ilikuwa kuwasema Wayahudi, likalipua jina. Waziri wa Vita, Jenerali Mercier, akawa kwenye kona: akimwachia wataandika amehongwa na Wayahudi, akiendelea hana ushahidi. Akachagua kuendelea, na kabla kesi haijaanza akaliambia gazeti jingine kwamba hatia iko wazi. Waziri kasema hadharani, sasa hapo jaji gani mwenye cheo cha kanali atasimama aseme waziri kakosea?

Kesi ikasikilizwa tarehe 19 hadi 22 Desemba 1894, milango imefungwa, majaji saba wote wanajeshi. Wakili ni Edgar Demange, Mkatoliki mtu mzima mwenye heshima zake, akabomoa karatasi ile kipande kwa kipande mpaka ikaanza kuonekana jamaa anaweza kuachiwa. Hapo ndo Meja Henry akaomba asimame tena. Akaapa kwamba mtu wa kuaminika alishawaambia kuna msaliti makao makuu, akamnyooshea kidole Dreyfus, msaliti huyu hapa. Demange akamtaka ataje jina la huyo mtu, Henry akajibu kwamba kichwani mwa ofisa kuna siri ambazo hata kofia yake haitakiwi kuzijua. Ni jibu tamu kweli kwa masikio ya majaji wanajeshi, na halina kitu ndani.

Halafu bahasha. Majaji walipoingia chumba cha nyuma kujadiliana walikuwa wameshakabidhiwa, kupitia du Paty de Clam na kwa amri ya waziri, bahasha ya nyaraka za siri pamoja na maelezo ya namna ya kuzielewa. Dreyfus hakuiona, Demange hakuiona, hakujua hata kama ipo. Ndani yake kulikuwa na barua kati ya waambata wa Ujerumani na Italia inayomtaja "yule mshenzi D" aliyeuza ramani za Nice. D. Herufi moja tu. Wafaransa ambao jina linaanza na D ni wangapi, du Paty mwenyewe si D? Majaji wakarudi wote saba sauti moja: kuvuliwa cheo na kifungo cha maisha ng'ambo.

Niseme kidogo ya kwangu hapa. Niliwahi kukalishwa kamati ya nidhamu kwenye ofisi moja, nikajieleza vizuri tu, wakaniambia toka nje tunajadili, na kupitia kioo cha mlango nikamwona bosi anatoa karatasi kwenye droo anawapitishia mmoja mmoja. Mpaka leo sijui ilikuwa imeandikwa nini. Nilipoteza kazi tu, sikupelekwa kisiwani kama Dreyfus, ila nikisoma habari ya ile bahasha ya Paris tumbo linanivuruga vile vile, kwa sababu tuhuma uliyoisikia unaweza kuijibu hata kwa kigugumizi, lakini hii nyingine unakuwa unajibu ukuta.

Na kisheria hii ndo roho ya kesi nzima. Kumpa jaji ushahidi ambao mshtakiwa hajaonyeshwa ilikuwa kosa hata kwa sheria za kijeshi za Ufaransa za wakati ule. Kabla ya bahasha, makao makuu walikuwa watu waliokosea mwandiko, inatokea. Baada ya bahasha, waziri na wasaidizi wake wamevunja sheria na wanajua wamevunja. Mercier aliagiza zile nyaraka zitawanywe zirudi kila moja faili lake, na maelezo aliyobaki nayo akayachoma. Ila pale Kitengo cha Takwimu hawakuzitawanya, wakazifungia kwenye sefu. Kuanzia hapo kila uongo unaofuata kazi yake ni kuilinda ile bahasha, funika kombe mwanaharamu apite, ila huyu mwanaharamu akawa hapiti.

Turudi uwanjani kidogo. Wakati anavuliwa vyeo Dreyfus alipiga kelele, askari, wanamvua cheo mtu asiye na hatia, idumu Ufaransa, lidumu jeshi! Nje ya geti umati unaitikia auawe. Kati ya waandishi waliokuwepo alikuwepo Theodor Herzl, ripota wa gazeti la Vienna, huyu ndo baadaye aliongoza harakati za kuwatafutia Wayahudi nchi yao, na mwaka 1903 serikali ya Uingereza ikamtupia ofa ya ardhi Afrika Mashariki, wenyewe waliuita mpango wa Uganda lakini eneo lenyewe ni nyanda za Uasin Gishu, huku Eldoret Kenya. Mkutano wao Basel ukagawanyika, wakatuma watu waje kukagua, mwaka 1905 wakaikataa. Waliokuwa wanalisha ng'ombe kwenye nyanda hizo hakuna aliyewauliza. Haya, tuendelee.

Kisiwa cha Shetani, alikopelekwa kutumikia kifungo, kiko pwani ya Guyana ya Ufaransa, kidogo kabisa, kabla yake kilikuwa kinawekwa wagonjwa wa ukoma. Dreyfus alifika Aprili 1895 akawekwa kwenye kibanda cha mawe cha mita nne kwa nne, mfungwa pekee kisiwani, walinzi wamekatazwa kumsemesha. Yaani mtu anakuletea chakula miaka minne hajibu salamu! Septemba 1896 kaka yake Mathieu, akiona Ufaransa wameshamsahau, akapenyeza uvumi kwenye gazeti la Uingereza kwamba mfungwa katoroka, ili jina litajwe tena. Lilitajwa kweli. Ila waziri wa makoloni akapaniki, akaagiza mfungwa afungwe usiku kitandani kwa vyuma viwili miguuni, asiweze kugeuka, kwenye joto lile na wadudu wale, zaidi ya mwezi mzima, na kibanda kikazungushiwa ua wa magogo marefu asione hata bahari. Kuna kipindi barua za mke wake, Lucie, akawa hapewi zenyewe, anapewa nakala iliyoandikwa na mkono wa karani. Mwandiko ulimpeleka jela, halafu hata mwandiko wa mkewe wakamnyima.

Filamu inamtoa kisiwani haraka inahamia kwa Picquart, na kibiashara naelewa kwa nini. Meja Georges Picquart alipewa Kitengo cha Takwimu Julai 1895. Naye mtu wa Alsace, mtanashati, msomi, na Wayahudi alikuwa hawapendi kama wenzake tu. Kesi ya 1894 alihudhuria kama macho ya waziri, akatoka anaamini Dreyfus ana hatia. Machi 1896 mama Bastian akaleta taka nyingine, humo mkatoka kadi ya telegramu ya bluu imechanwa, haikutumwa, inatoka ubalozi wa Ujerumani inakwenda kwa Meja Esterhazy, mtaa wa Bienfaisance namba 27. Picquart akaanza kumchunguza Esterhazy: madeni, kamari, wanawake, na kila mara anaulizia mambo ya mizinga wakati yeye ni mtu wa miguu.

Agosti Esterhazy akaandika barua kuomba kazi makao makuu, barua zikafika mezani kwa Picquart. Akaziangalia. Akaenda kutoa picha ya ile karatasi ya 1894 akaziweka pamoja. Mwandiko ni mmoja, siyo kufanana, ni mmoja! Akaficha jina akampelekea Bertillon, na Bertillon bila kusita akasema huu ndo mwandiko wa ile karatasi. Picquart akamwambia hii imeandikwa juzi juzi, Dreyfus yuko kisiwani. Bertillon akajibu basi Wayahudi wamemfundisha mtu kuuiga. Unaona, mtego bado unanasa hata baada ya kuvunjika.

Picquart akaagiza lile faili la siri litolewe sefuni. Alitegemea atakuta ushahidi mzito uliowatuliza majaji saba. Akakuta D. Alisoma jioni ile akaelewa kwamba hakuna kitu, na kwamba kilichompeleka mtu kisiwani ni hicho hicho ambacho hakuna. Akapanda kwa Jenerali Gonse, na kwa maelezo yake Picquart mwenyewe baadaye mahakamani, Gonse alimuuliza kinakuuma nini huyo Myahudi akikaa kisiwani? Akamwambia hana hatia. Gonse akamwambia wewe usiposema hakuna atakayejua. Picquart akajibu hiyo ni aibu, sitakwenda nayo kaburini.

Napenda sana kwamba aliyesema hivyo ni mtu asiyempenda Dreyfus. Hakumwonea huruma, alikuwa na karatasi mbili mkononi na hakuweza kujidanganya. Ila filamu inampaka rangi zaidi ya alivyokuwa, maana baada ya yale majibizano alitii amri, akahamishwa akazungushwa mpaka Sousse kule Tunisia, akakaa kimya miezi kadhaa, ndipo Juni 1897 akamwambia rafiki yake wakili Louis Leblois, tena kwa sharti asimtaje. Waliokuwa wanahangaika mchana na usiku ni Mathieu na Lucie, na kwenye filamu hao wanapita kama watu wa kuleta chai.

Huku nyuma Henry akaona bosi hayupo, faili halina kitu, akalijazia. Mwishoni mwa Oktoba 1896 akachukua barua mbili halisi za mwambata wa Italia, akakata juu na chini, katikati akaingiza maneno yake yanayomtaja Dreyfus kwa jina zima. Siyo D tena, Dreyfus. Wakubwa wakaipokea kwa furaha ya mtu aliyekuwa anasubiri mvua.

Novemba 1897 Mathieu akamtaja Esterhazy hadharani baada ya dalali mmoja wa benki kuutambua mwandiko kwenye picha iliyokuwa inauzwa mtaani, na gazeti moja likatoa barua za zamani za Esterhazy kwa ndugu yake wa kike, humo anasema hawezi kumuumiza hata mbwa mdogo lakini Wafaransa laki moja angewaua kwa raha. Unadhani hapo kaisha? Mahakama ya kijeshi, tarehe 10 na 11 Januari 1898, majaji walijadiliana dakika tatu, hana hatia. Umati ukamshangilia, na muda mfupi baadaye waliyemkamata ni Picquart. Ni lazima ingekuwa hivyo, kwa sababu Esterhazy akiwa na hatia basi Dreyfus hana, Dreyfus akiwa hana mtu atauliza majaji saba walimfunga kwa lipi, na jibu ni bahasha. Majenerali walikuwa wanamlinda jasusi wa Ujerumani ili wasiulizwe swali moja.

Tarehe 13 Januari Émile Zola akamwandikia rais Félix Faure barua ya wazi ukurasa wa mbele wa gazeti la L'Aurore, nakala laki tatu, akiwataja majenerali kwa majina na kuwaomba wamshtaki. Wakamshtaki, ila kwa ujanja, kwa kipande tu kinachohusu Esterhazy. Kesi ya Februari ile ndo tamthilia ya mahakamani yenyewe, kila mara wakili wa Zola, Fernand Labori, akigusa mambo ya 1894 hakimu anakata, swali hilo halitaulizwa, swali hilo halitaulizwa, mpaka ikawa msemo wa mjini Paris. Zola akapigwa mwaka mmoja na faini faranga 3,000, akakimbilia London.

Na kilichokuja kulibomoa lote ni taa. Agosti 1898 waziri mpya wa vita, Cavaignac, aliyeamini kabisa Dreyfus ana hatia na aliyeisomea bunge ile barua ya Henry, aliagiza nyaraka zipangwe upya. Kapteni Cuignet akabaki anafanya kazi usiku, akainua ile barua kwenye mwanga wa taa, akaona mistari ya karatasi ya juu na chini ni rangi moja na ya katikati ni rangi nyingine. Akageuza, akarudia. Wenzake walikuwa wameshaishika karatasi ile karibu miaka miwili hakuna aliyewahi kuiinua kwenye taa. Tarehe 30 Agosti Henry akabanwa na waziri, akakana, akakana, akakubali. Akapelekwa ngome ya Mont-Valérien, kesho yake akakutwa amejikata koo kwa wembe. Esterhazy akanyoa sharubu akapitia Ubelgiji akaenda Uingereza, akaishi kule mpaka kufa mwaka 1923, hakufungwa hata siku moja kwa ile karatasi.

Juni 1899 mahakama ya juu kabisa ikafuta hukumu, bahasha ikiwa moja ya sababu. Dreyfus akarudishwa kwa meli, miaka 39 anaonekana mzee, anaongea kwa shida, na hajui lolote, hajui Zola kafanya nini, hajui Picquart ni nani kwake. Wakamsikiliza upya mji wa Rennes kwenye ukumbi wa shule, kuanzia Agosti 7. Wakati kesi inaendelea Labori, sasa akimtetea Dreyfus, akapigwa risasi ya mgongo njiani akienda mahakamani, akapona, akarudi, mpigaji hakupatikana. Mmoja wa wale majaji saba wa 1894, Kapteni Freystaetter, akasimama akathibitisha mbele ya Mercier kwamba nyaraka za siri walisomewa. Hapo ungesema imeisha, sivyo? Tarehe 9 Septemba, kura tano kwa mbili: ana hatia ya uhaini, lakini kuna sababu za kumpunguzia, miaka kumi. Uhaini wenye sababu za kupunguziwa ni kitu gani? Ni majaji wanaojua mtu hana kosa wakiwa wamekaa mbele ya mawaziri wao wa zamani. Siku kumi baadaye rais Loubet akampa msamaha, naye akaukubali, na baadhi ya watetezi wake walimnunia kwa hilo. Mimi siwezi. Kakae wewe kwenye vile vyuma halafu uje uwe na msimamo.

Ni mpaka tarehe 12 Julai 1906 ndipo mahakama ya juu ilipofuta kila kitu bila kurudisha kesi popote. Mercier hakushtakiwa, sheria ya msamaha wa jumla ya mwaka 1900 ilishawafunika wote, na alikuwa seneta. Julai hiyo hiyo Dreyfus alivishwa nishani ya Légion d'honneur pale pale École Militaire, ila kwenye ua mdogo, siyo ule uwanja mkubwa.

Sasa mahesabu ya vyeo. Bunge liliwarudisha jeshini wote wawili. Picquart alihesabiwa miaka yake yote aliyokuwa nje akawa brigedia jenerali, Oktoba akawa waziri wa vita. Dreyfus alipewa umeja kuanzia siku ya sheria, miaka ya kisiwani haikuhesabiwa, na ukipiga hesabu hiyo ina maana waliokuwa wadogo zake wamempita na hatafika popote. Akaomba irekebishwe, haikurekebishwa, akastaafu 1907. Vita ya 1914 ilipoanza akarudi mwenyewe na umri wake ule, akapelekwa mpaka Verdun, akamaliza luteni kanali. Alifariki 1935, tarehe 12 Julai.

Filamu yenyewe inafungia kwenye ombi lile la cheo, ofisini kwa waziri Picquart, wawili wamekaa wanatazamana, mmoja anaomba miaka yake na mwingine anamweleza kwamba kisiasa haiwezekani, halafu maandishi yanakuja kwamba hawakuonana tena. Cheo chenyewe kilikuja kupita bungeni Paris mwaka 2025, brigedia jenerali, mwenyewe akiwa kaburini Montparnasse miaka 90.